Boga la Kwanza ni la Aliyepanda

Nyumbani kwetu boga la kwanza la msimu halionjwi na mtu yeyote mpaka aliyelipanda amekula akatosheka. Sheria hii haikuwekwa na Mungu wala serikali. Aliiweka baba, zamani, siku aliyorudi kutoka kibandani kwake akakuta mama na sisi watoto tumelimaliza boga lake la kwanza na kumwachia maganda. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanyanyua kidole: kuanzia leo, anayepanda ndiye anayefungua. Mama akaapa palepale, midomo bado ina rangi ya boga, na mama yangu akiapa ameapa. Tangu siku hiyo, kabla baba hajala, hajawahi kulamba hata mwiko.

Baba ni fundi kufuli. Maisha yake yote amewafungulia watu milango waliyojifungia wenyewe, na kwa kuwa mikono miwili haikumtosha, funguo alizibana kwa midomo. Ukimsemesha akiwa kazini alikujibu kwa pua. Tulipokuwa wadogo tulidhani mafundi wote ndivyo wanavyoongea.

Nyuma ya nyumba tuna kipande cha ardhi kisichozidi ukubwa wa chumba cha kulala, na hapo ndipo alipopanda maboga yake kila mwaka. Ni yale ya ganda gumu, yanayowekwa juu ya kabati na kukaa miezi bila kuoza, na yakikaa ndipo yanapozidi utamu. Mbegu zilikuwa zake mwenyewe. Alichagua boga moja, akatoa mbegu, akazianika, akazitia kwenye kopo la skrubu. Na lile boga la mbegu hakuwaachia nyuki kazi. Jioni alilifunga ua jike kwa uzi kabla halijachanua, asubuhi akalifungua, akachuma ua dume na kulisugua ndani yake taratibu, kisha akalifunga tena. Mama alikuwa akimchungulia dirishani na kutuambia, "Njooni mwone, baba yenu anaozesha."

Mwaka jana hakuozesha. Maua yalipochanua alikuwa ameanza kushika tumbo na kusema ni gesi. Mwaka huohuo mama alipewa na mwenzake mbegu za viboga vya mapambo, vile vidogo kama ngumi, vyenye mistari na vipele, ambavyo haviliwi, vinatazamwa tu. Baba alinung'unika kwamba ardhi ni ya chakula. Mama akanuna kidogo, kiasi cha kuonekana. Baba akacheka, akasema, "Haya bwana, ukipenda boga penda na ua lake," akampa ukingo wote wa uzio. Vikastawi. Mama alivipanga kwenye sahani mezani, na mgeni akiingia alioneshwa viboga kabla hajaoneshwa kiti.

Mimi ni msusi. Nilirudi kuishi nyumbani baada ya ndoa kunishinda, ingawa wako wanaosema ni mimi niliyeishinda. Hasira zangu zinajulikana mtaa mzima, na wateja wananivumilia kwa sababu nywele nikizisuka hazifumuki. Nasema haya ili ueleweke upande wangu: mimi ni mtu wa kufanya. Kitu kikiharibika nakishika nakitengeneza, au nakigombeza mpaka kitengenee. Ugonjwa wa baba haukushikika wala haukugombezeka.

Daktari hakutuzungusha. Alisema kuna uvimbe tumboni, unaweza kutolewa, lakini mwili huu ulivyo sasa hauwezi kuhimili kisu. "Ale," akasema. "Apate nguvu, apate nyama kidogo mwilini, mnirudishie nimpasue. Asipokula, sina la kufanya." Akampa dawa za kuuzuia uvimbe usikue katika kungoja huko.

Na zile dawa ndizo zilizomharibu mdomo. Chai ilikuwa chungu. Uji ulikuwa mchungu. Nilimpa asali kwa kijiko akaniomba msamaha akaitema. Mkate, ndizi, mchuzi, maji, vyote vichungu.

"Uchungu wa namna gani?" nilimuuliza siku moja, maana nilishaanza kukasirika, na si yeye niliyemkasirikia.

"Wa ufunguo," alisema bila kufikiri. "Kama nimebana ufunguo kutwa nzima. Mwanzo husikii kitu, halafu unakuja kule nyuma ya ulimi, taratibu, na ukija hautoki."

Kama kuna mtu anayeijua ladha ya ufunguo, ni yeye. Lakini kujua huko kulitusaidia nini? Kaka yangu, anayeishi mbali, alipiga simu na kuagiza apewe supu. Nilimwambia aje ainywe yeye. Jirani yetu, mama mmoja tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, alikuja kila siku na dawa mpya ya kurudisha hamu ya kula, na kila siku alikaa mpaka akala kile ambacho baba amekiacha. Baba akazidi kuisha. Pete aliihamishia kidole gumba, kisha akampa mama amtunzie.

Kitu kimoja tu alikitaka mwenyewe. "Boga langu likiiva," alisema, "hilo nitakula."

Usione ni neno dogo. Mama alilishika lile neno kama watu wanavyoshika tarehe ya harusi. Mbegu tulizipanda pamoja, baba na mimi, kabla hajawa wa kulala moja kwa moja: mimi nikachimba, yeye akapiga magoti na kuziweka mbegu shimoni kwa mkono wake, hivyo hapakuwa na ubishi nani kapanda. Sasa mashina yalikuwa yameshafunika kiwanja kizima, majani kama sinia, na chini yake boga la kwanza lilikuwa limeshatulia juu ya kipande cha ubao nilichokitegesha lisioze. Tulikisogeza kitanda cha baba mpaka dirishani ili alione.

Ikawa ni kungoja. Mama alitoka kila asubuhi, akainama, akaligonga kwa kidole, akarudi.

"Linalia," alisema. "Mimi nasikia limeiva."

"Kikonyo kikoje?"

"Cha kijani kidogo."

"Basi bado. Kikonyo kikauke kiwe kama kamba."

"Baba watoto, wewe unaisha na kikonyo hakikauki."

"Ukilivuna sasa utapika maji," alisema baba. "Ngoja."

Mama akaingia jikoni akapiga sufuria kwa hasira, naye si mtu wa kupiga sufuria. Nilimfuata. Aliniuliza kama kuna mbolea au dawa yoyote ya kuharakisha boga. Nikamwambia hakuna. Akaniuliza tena, kana kwamba mara ya kwanza nimemnyima. Tulikuwa watu wazima wawili wenye afya, tumesimama kusubiri kamba ya boga ikauke, na chumba cha pili mtu wetu anapungua. Sijawahi kujiona bure namna ile.

Hatimaye kikonyo kikakauka. Baba akatuelekeza kutoka dirishani: kata mbali na boga, usilibebe kwa mkia, lifute udongo. Alitaka likae juani kwanza ganda likomae, lakini safari hii mama hakumsikiliza. Alilipeleka moja kwa moja jikoni.

Alilipasua kwa kisu kikubwa akikigonga kwa mchi, akakomba mbegu, akakata vipande na maganda yake, akavipanga sufuriani ganda chini nyama juu. Maji kidogo, chumvi ya kubana kwa vidole, akafunika. Nyumba ikajaa ile harufu ya kila mwaka. Ningeambiwa niape kwamba ni boga lilelile, ningeapa. Likaiva, akalikwangua, akaliponda na maziwa mpaka likawa laini kabisa. Akainua mwiko na kuunusa.

"Onja basi chumvi," nikamwambia.

Akanitazama kama nimemtuma akaibe. "Aliyepanda hajala," akasema.

Baba aliketi mwenyewe. Tulimwekea mito lakini hakuiegemea. Alichukua kijiko kwa mkono wake, jambo ambalo hakuwa amelifanya muda mrefu, na mama akasimama miguuni pa kitanda, mikono ameifumbata. Redio alikuwa ameshafika, harufu imemwita. Baba akatia kijiko mdomoni, akatafuna, akaacha kutafuna.

"Hili ni chungu," akasema.

Niliuona uso wa mama ukidondoka. Sina neno lingine la kusema.

"Ni mdomo wako, baba watoto," akasema kwa upole. "Ni zile dawa."

"Hapana. Dawa naijua. Dawa ni ufunguo, inakuja nyuma, taratibu. Hili limenipiga mbele, hapa kwenye ncha."

"Mbele, nyuma, ulimi si ndio huohuo mmoja?" Redio akadakia. "Mgonjwa haulizwi uji! Mpeni ale, mambo ya ladha baadaye."

"Jaribu tena kidogo tu, baba," nikasema mimi. "Daktari anasubiri."

Mama hakusema kwa ukali. Laiti angesema kwa ukali. Alisema, "Ulisema boga lako utakula. Ulisema," na sauti ikamkatika katikati.

Baba alimtazama. Kisha akainamia sahani na kuanza kula. Hakutafuna. Alimeza kila kijiko kama kidonge, akapumzika, akachota kingine, na kila kilichoingia mama alikisindikiza kwa kichwa kama anamhesabia mtoto. Alipokwangua sahani Redio alipiga kigelegele. Mama alikuwa analia na kucheka pamoja. Nami nilikuwa nacheka. Niliona kisu cha daktari, niliona baba akitembea, niliona na kibanda kimefunguliwa.

Baba akajifuta mdomo. "Haya," akasema, "nimefungua. Kuleni."

Mama akanipakulia mimi kwanza. Nikajaza kijiko, maana nilikuwa na njaa na nilikuwa na furaha.

Ulimi ulijikunja wenyewe. Shubiri naijua, mwarobaini naujua, huu haukuwa uchungu wa dawa ambao mtu anauzoea. Ulikuwa mkali, umenipiga mbele, kwenye ncha, palepale aliposema. Niliutema kiganjani kabla sijajua nafanya nini. Mama akaniangalia, akachota kwenye sufuria kwa kidole, akatia mdomoni. Yeye hakutema. Alikaa nao mdomoni, macho yakiwa kwenye sahani tupu ya baba.

"Kwa nini umekula?" nilimfokea baba. Nilimfokea mgonjwa kitandani, ndiyo. "Si ulijua? Kwa nini umemaliza?"

"Mama yenu alikuwa anafurahi," akasema.

Sufuria haikuwahi kupoa. Tumbo lilimkata, akatapika lile boga, kisha maji, kisha kitu cha kijani, na huku chini nako kukafunguka. Redio, kwa haki yake nimseme, ndiye aliyekimbia kutafuta gari na ndiye aliyemshika miguu tukimbeba. Mama alibeba viatu vya baba mkononi njia nzima na hakukumbuka kumvalisha.

Hospitalini walimtundikia maji. Daktari aliuliza amekula nini, tukamwambia.

"Boga likiwa chungu haliliwi," akasema. "Lina sumu. Mtu mwenye nguvu zake linamwendesha, kesho amesahau. Lakini huyu hakuwa na akiba."

"Alisema," mama akamjibu. "Alisema ni chungu."

Daktari akatuambia habari ya kupasuliwa tuiweke pembeni kwanza, tumrudishe walau pale alipokuwa, ndipo tuzungumze. Pale alipokuwa penyewe palikuwa hapatoshi.

Mama alipokwenda kutafuta maji ya kunawa, baba alinivuta mkono.

"Si mdomo wangu," akasema. "Mdomo wangu ulikuwa sawa safari hii."

"Najua, baba."

"Ni vile viboga vya mama yako. Mwaka jana sikufunga maua. Nyuki alitoka kule akaja huku. Boga la mwaka jana lilikuwa tamu kwa sababu boga ni la shina lake. Mbegu ndizo zilizochanganyika. Ukipanda ndipo unajua." Alipumzika. "Yote uliyoyaona pale kiwanjani, usimpe mtu. Na mama yako usimwambie."

"Nisimwambie nini? Atapanda tena!"

"Usimwambie." Nikamwahidi.

Mama akarudi na kopo la maji. Baba akamwambia, kwa ile sauti yake ya kueleza wateja kwa nini kufuli limekataa, kwamba mwaka huu jua lilikuwa kali, na boga likikosa maji huwa chungu. Mama akaliweka kopo chini.

"Kumbe ni maji," akasema. "Ningemwagilia zaidi."

"Ni jua, mama watoto. Si wewe."

"Ningemwagilia zaidi tu."

Siku iliyofuata nilikwenda nyumbani kufua mashuka, nikachukua panga. Nilikata kila shina. Maboga yalikuwa mengi kuliko miaka yote, yamenona, yanang'aa, ukiyatazama hutaona kosa. Nikayapasua moja moja nikayafukia. Redio akachungulia juu ya uzio akaniomba walau moja ajaribu kulichemsha mara mbili. Nikamwambia achague na jeneza kabisa. Mkono uliniuma, nikaendelea. Nilipofika kwenye uzio nikasimama. Vile viboga vya mapambo, ambavyo mama alivipanda tena mwaka huu, vilikuwa vinaning'inia palepale, vya mistari, vya vipele, na nilikuwa nimetoa ahadi. Nikaviacha.

Baba alirudishwa nyumbani amebaki macho na mikono. Kitanda tukakiondoa dirishani, maana nje hapakuwa na cha kuangalia. Hakuomba kitu tena. Tukimpa uji anakunywa vijiko viwili, anashukuru, anafumba mdomo. Mama aliamka mapema kuliko mimi, akachota maji, akamwagilia viboga vyake kwenye uzio, ndoo kwa ndoo, mpaka udongo ukawa tope. Nilikuwa namwona kupitia dirisha la jikoni. Nilikuwa natengeneza chai na kunyamaza, na kunyamaza si kazi ninayoijua.

Kisha siku moja akaja kutoka sokoni na boga. Alimlazimisha muuzaji akate kipande, akakila kibichi palepale mbele ya watu, ndipo akalinunua. Alilipika vilevile, ganda chini nyama juu. Alipoliponda alilipeleka chumbani na vijiko vitatu.

"Hili hukulipanda wewe," akamwambia baba, "wala sikulipanda mimi. Halina mwenyewe." Akachota, akala mbele yake. Akanipa kijiko, nami nikala. Lilikuwa tamu hasa, tamu ya kukaa, kama yale ya miaka ya nyuma. Baba alitutazama makoo yetu mpaka tukameza.

Ndipo akafungua mdomo. Mama akamlisha kidogo. Akatafuna taratibu, macho kwa mama.

"Chungu," akasema kwa sauti ndogo, kama anayeomba radhi.

Swali lilinifika mdomoni. Nilitaka kumuuliza, baba, wa mbele au wa nyuma? Ufunguo au lile lingine? Kama ni ufunguo, ni dawa tu, meza, meza kwa ajili ya Mungu, bado kuna nafasi. Lakini jibu la swali hilo alishatupa siku ile bila kuulizwa, na tulilifanya nini? Nikamtazama mama, nikingoja aseme ni mdomo wako, baba watoto. Angesema hivyo, baba angekula. Nina hakika angekula sahani nzima.

Mama akachota kijiko kingine, akatia mdomoni, akakunja uso.

"Kweli," akasema. "Ni chungu. Sijui mwanzo nilionja kwa mdomo gani. Acha, usile."

Baba akafumba macho. Uso wake ulilegea kama mtu aliyetuliwa mzigo, akamshika mama mkono, akamwacha aende na sahani.

Nilimkuta jikoni amesimama na sahani ileile, anakula. Hakuketi. Alikula kijiko baada ya kijiko mpaka akakwangua, machozi yanamdondokea ndani, naye hayafuti.

"Mama," nikamwambia, "lina uchungu kweli?"

Akatikisa kichwa.

"Tamu," akasema.